Jina la Kuitwa Kutoka Migombani

Wasikilizaji mliolala Tukuyu mjini, Kiwira, Ushirika, Katumba, Masoko, na ninyi wa Busokelo mnaolalamika kwamba huwa nawataja mwisho, leo nimewaweka kwenye sentensi moja na wenzenu. Nje ya studio ukungu umefunika hata bati za jirani hazionekani, na mvua ya usiku bado inadondoka kwenye migomba. Ni asubuhi ya kukaa karibu na moto. Kwa kuwa wengi wenu ndipo mlipo, naomba mnisikilize kwa jambo lililonikaa moyoni tangu juma lililopita.

Kazi yangu mnaijua. Wenzangu wanasoma taarifa ya habari, wengine wanatangaza mpira, mimi nasoma salamu. Nilianza enzi za kadi, zile kadi za salamu zilizouzwa madukani. Mtu anajaza jina lake na mahali alipo, anaorodhesha anaowasalimu, kisha anampa kondakta wa basi ili kadi ifike mjini. Siku hizi ni ujumbe wa simu, lakini kazi ni ileile: nafungua kipaza sauti na kutaja watu. Majina ya wilaya hii ya Rungwe yamepita mdomoni mwangu kwa maelfu, na nimeyazoea kiasi kwamba nikisikia jina tu naweza kukisia mwenyewe alizaliwa miaka ya ngapi.

Sasa juma lililopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uliingia ujumbe kutoka Katumba. Mama kijana amejifungua mtoto wa kike. Anamshukuru Mungu, anawashukuru wauguzi, anawasalimu wakwe zake, na anaomba nimtaje mtoto hewani ili jina lake lisikike redioni kwa mara ya kwanza. Ombi zuri kabisa. Nikalitazama jina. Lilikuwa na herufi kumi na moja, "h" tatu ambazo sikujua zinafanya kazi gani, "y" mbili zikifuatana, na mwisho "n" mbili. Sitalirudia leo, maana mtoto hana kosa lolote. Nililisoma mara tatu, na kila mara lilitoka kivingine.

Haikupita muda simu ya studio ikaita. Alikuwa bibi wa mtoto, mzaa baba. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, kumbe ndivyo linavyotamkwa? Mimi nimejaribu nimeshindwa, na mkwe wangu naona aibu kumuuliza kila siku."

Nilimjibu kweli kwamba hata mimi sijui. Akanishukuru, "Ndaga fijo," akakata simu. Tangu siku hiyo lile swali lake limekuwa likinirudia. Bibi amempata mjukuu, yuko naye nyumba moja, anambeba mgongoni, lakini hawezi kumwita.

Ndiyo maana siku iliyofuata niliwauliza ninyi wasikilizaji: katika majina tunayowapa watoto siku hizi, lipi linawakera? Sikutegemea mngejibu kwa wingi namna ile. Ujumbe ulikuwa mwingi kuliko wa siku ya mechi ya watani wa jadi. Wengi wenu mlilalamikia tahajia, kama mimi. Wengine majina ya tamthilia: mhusika wa Kituruki au wa Kifilipino akipendwa jioni kwenye televisheni, kliniki za mwezi unaofuata zinajaa yeye. Mzee mmoja wa Bulyaga analalamikia wazazi wanaokata nusu ya jina la baba na nusu ya jina la mama na kuziunganisha, "kama tunavyounga bomba la maji," kwa maneno yake. Mama mmoja wa Kyimbila ana wajukuu watano ambao majina yao yote yanaanza na herufi moja, na akitaka kumtuma mmoja dukani inabidi aite wote watano. Na walikuwepo walioudhiwa na vyeo: Prince, Princess, Queen, King.

Nitayagusa hayo, lakini si yote kwa uzito mmoja, maana si yote yananiuma sawa. Kwanza nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ujumbe mwingine ulinitia shaka. Ulisema hivi: "Watu wa zamani walikuwa na majina yao, sasa tumeiga." Ndugu yangu uliyeandika, nakuheshimu, lakini historia ya wilaya hii haiko hivyo.

Chukua mji wetu wa Tukuyu. Wajerumani walipohamishia boma lao hapa juu kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, waliuita mji huu Neu-Langenburg. Kule ziwani kulikuwa na Langenburg, jina la familia ya mtawala mmoja wa Ujerumani aliyekuwa mkuu wa chama chao cha makoloni, na huku wakaweka "mpya". Jina hilo liliandikwa kwenye ramani, kwenye barua, kwenye mihuri ya serikali. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji, na baadaye jina likawafuata wenye nalo. Leo huwezi kumpata mtu sokoni Tandale anayekwambia anakwenda Neu-Langenburg. Liliishi kwenye karatasi tu. Jina lililobaki ni lile lililokuwa vinywani mwa watu.

Lakini kumbuka pia kwamba wakati huohuo kulikuwa na majina mengine ya kigeni yaliyoingia na hayakuondoka. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao pale Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakafungua vyao upande wa pili. Pamoja na shule na kahawa vilikuja vitabu vya ubatizo, na vitabu vya ubatizo vikaleta Yohane, Yesaya, Yeremia, Elia. Hayo ni majina ya Kiebrania yaliyopita kwa Wayunani, kwa Walatini na kwa Wajerumani kabla ya kupanda mlima kuja kwetu. Mbona leo hakuna anayeudhika akimsikia mzee Yesaya? Ni kwa sababu wazee wetu waliyachukua majina hayo wakayatafuna mpaka yakalainika. Kinyakyusa hakina sauti ya "r" wala ya "z". Hata mlima wetu tunaouandika Rungwe, mzee wa Suma akiutaja utasikia Lungwe. Kila jina lililoingia lilipita kwenye ndimi hizo, na lililokubali kupita likawa letu.

Baadaye wanaume wakaenda kutafuta fedha. Walikwenda Lupa, Chunya, kwenye dhahabu, na wengine wakavuka kwenda migodini Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, wengi wa hao wa mwisho kupitia Wenela, shirika lililoajiri wachimbaji. Mimi naamini, na hii ni imani yangu, kwamba huko ndiko tulikookota ule mtindo wa majina yanayoishia na "soni". Niliposoma kadi za zamani nilikuwa nakutana nayo kila siku: Laison, Asson, Edson, Jeson, Wickson, Ackson. Mengine ukiyapeleka Uingereza hawatayatambua. Ackson nadhani ni Jackson aliyeacha herufi njiani. Na jina hilo, lililofanyiwa marekebisho na midomo ya huku kwetu, limefika mbali. Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa hapahapa Tukuyu, alilibeba jina hilo la baba yake mpaka kiti cha Spika wa Bunge mwaka 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, ambao makao yake yako Geneva. Watu wa mataifa yote wakalitamka Ackson, bila "J", kama linavyotamkwa Bulyaga.

Kwa hiyo msikilizaji, mimi sipigani na jina kwa sababu limetoka ng'ambo. Tungeanza kufukuza majina ya ng'ambo, nusu ya waumini wasingekuwa na jina la kuitwa Jumapili.

Kinachonikera ni kingine, na ili nikieleze lazima niseme kwanza juu ya majina yenyewe ya Kinyakyusa. Nawaomba radhi mnaoyajua, lakini tuna wasikilizaji wengi waliohamia, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa parachichi, ambao wanayasikia kila siku bila kuambiwa maana yake.

Chukua Ambwene. Wewe wa Kiswahili unaliona kama neno moja, lakini hiyo ni sentensi. Lina mtenda, lina mtendwa, lina tendo, na tendo lenyewe limekwisha kutokea. Maana yake ni "ameniona". Ambokile ni "ameniokoa". Anganile, "amenipenda". Andongwisye, "ameniongoza". Ambilikile, "ameniita". Atupele, "ametupa". Tusajigwe, "tumebarikiwa". Tuntufye ni mwaliko, "tumsifu". Yapo pia yaliyo majina ya vitu vya moyoni: Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Lwitiko ni imani, Lusekelo ni furaha, Lusubilo ni tumaini, Ipyana ni neema. Gwakisa ni wa huruma, Gwamaka ni wa nguvu. Na mengi katika hayo hayachagui mtoto wa kiume au wa kike; Atupele wa kike yupo, wa kiume yupo, Lugano vilevile.

Sasa tazama jambo moja linalonigusa kila ninapoyasoma. Ambwene, "ameniona": nani ameniona? Ambokile, nani ameniokoa? Jina halimtaji. Mtenda yumo kwenye ile "a" ya mwanzo tu. Hatajwi kwa sababu kila aliyekuwa kwenye nyumba ile siku ile alimjua. Ni Kyala, Mungu. Na anayesema "ameniona" si mtoto, maana mtoto hajui kusema. Ni mama yake, au baba, au bibi. Huenda alikaa miaka bila mtoto, huenda alifiwa na wawili kabla ya huyu, huenda alikuwa ameshachekwa na wake wenza. Siku mtoto alipotoka hai akasema neno moja, na neno hilo likawa jina. Kila utakapomwita Ambwene aje kula unairudia ile sala ya shukrani, hata kama umekasirika, hata kama umeshasahau ilivyoanza.

Ndiyo maana nasema hasara ni kubwa. Mtoto anapopewa jina ambalo hakuna aliyelisema kutoka moyoni, jina lililookotwa kwenye skrini kwa sababu lina mlio mzuri, hatujapoteza mila peke yake. Tumepoteza ile sentensi. Mama aliyekaa miaka saba bila mtoto naye leo yupo, kilio chake ni kilekile, shukrani yake ni ileile. Lakini akifika wakati wa kutaja jina anaona aibu kuisema shukrani hiyo kwa lugha yake, anaazima mlio wa mtu mwingine.

Jina lilikuwa na uzito kwetu kiasi cha kuwa na sheria ya nani anaweza kulitaja. Wazee wanajua: mke aliyeolewa hakutaja jina la baba mkwe wake. Hakulitaja kabisa, na hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo aliyakwepa, akatafuta neno jingine. Kama jina la mkwe lilikaribiana na neno la maji au la jembe, basi maji na jembe vilipata jina lingine mdomoni mwa huyo bibi arusi. Wataalamu wa lugha na mila, tangu Godfrey na Monica Wilson waliokaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, wamekiandika kitu hiki kwa undani. Mimi sisemi turudi huko. Desturi ile iliwabebesha wanawake mzigo usio na mfano wake kwa wanaume, na mabinti zangu nisingetaka waishi hivyo. Ninalosema ni kwamba zamani kulikuwa na jina ambalo mtu alikatazwa kulitaja kwa heshima. Leo tuna bibi ambaye hakukatazwa na mtu, anataka kulitaja jina la mjukuu wake kwa mapenzi yote, na ulimi haupiti.

Nije kwenye makaratasi, maana kuna anayesema, "Mtangazaji, hayo ni mambo ya hisia." Haya, tuache hisia.

Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa wa mwanzo nchini kuingia katika mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano karibu na nyumbani. Mpango ulianza kwetu mwaka 2013, chini ya RITA na wadau wake. Badala ya kusafiri mpaka makao makuu ya wilaya, mzazi anapata cheti cha kuzaliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, bila malipo. Ni mpango mzuri sana, na nautetea popote. Lakini cheti kile kinajazwa kwa mkono, na anayejaza anaandika anachosikia au anachooneshwa. Mzazi akifika na jina lenye herufi kumi na moja ambazo hata yeye mwenyewe leo anaziandika hivi na kesho vile, atarudi na jina alilolikadiria mwandishi.

Kisha mtoto anaanza darasa la kwanza, mwalimu anaandika kwa namna yake. Anafika darasa la saba, jina linakwenda kwenye mtihani wa taifa kama lilivyo kwenye daftari la shule. Anafika umri wa kitambulisho cha taifa, majina matatu yanahitajika, nayo yafanane na cheti. Hapo ndipo zile "h" tatu zinapoanza kudai.

Nalisema hili kwa sababu lilitufika nyumbani. Mtoto wa marehemu dada yangu alipewa jina zuri la Kizungu ambalo kwa kawaida lina "l" moja. Baba yake akaweka mbili, na "i" akaifanya "y", kwa kuwa aliona linapendeza zaidi. Cheti cha kuzaliwa kikatoka na "l" moja na "y". Cheti cha kidato cha nne kina "l" mbili na "i". Binti alipopata nafasi ya kazi mji mwingine, ofisi iliyomwita ikakagua karatasi na kumwambia kwamba hizi ni za watu wawili. Tulimtafuta wakili wa kutuandikia hati ya kiapo, tukapanda basi mara nne, tukalipia kila hatua. Tulipomaliza kuthibitisha kwamba binti yetu ni mtu mmoja, nafasi ilikuwa imeshajazwa. Yule baba alilia. Alikuwa ametaka tu mtoto wake awe na jina la pekee.

Hicho nadhani ndicho kiini cha mtindo huu wote, na ndiyo maana siwezi kuwakasirikia wazazi. Wanataka mtoto wao awe wa pekee. Wanaona darasani kuna Baraka wanne na Neema watano. Mtoto wao akipewa lilelile, wanaona kama amezaliwa akiwa amechelewa. Hamu hiyo haiko Rungwe peke yake. Marekani mwaka 2000 mwanamuziki mmoja alisema kwenye televisheni kwamba amempa bintiye neno la Kiingereza la mbinguni likisomwa kinyumenyume, Nevaeh, na miaka michache baadaye maelfu ya wasichana walikuwa wanaitwa hivyo. Lile lililobuniwa liwe la pekee likawa la wote. Ufaransa mwaka 2014 mahakama iliwakatalia wazazi waliotaka binti yao aitwe Nutella, kama ile siagi ya chokoleti. New Zealand msajili ana mamlaka ya kukataa jina linalofanana na cheo, kwa hiyo King na Prince huwa yanarudishwa. Iceland wana kamati ya majina tangu 1991, na kitu kimoja inachopima kamati hiyo ni kama jina linaweza kuingia katika sarufi ya lugha yao. Na jirani zetu Wakenya, Rais Obama alipozuru mwaka 2015, magazeti yao yaliandika juu ya mtoto aliyepewa jina la ndege yake.

Kamati ya majina sitaki. Nchi hii ina kamati za kutosha. Lakini kile kipimo cha watu wa Iceland kimenifundisha kitu. Wao wanauliza: je, lugha yetu inaweza kulibeba jina hili? Sisi hatujawahi kuliuliza swali hilo kwa karatasi, ila kwa vizazi tulikuwa tunaliuliza kwa mdomo, na Yohane alifaulu, na Ackson alifaulu.

Kuhusu vyeo nitasema kidogo tu. Kwetu mtoto wa malafyale, yaani chifu, hakuwa malafyale kwa kuitwa. Alisubiri mpaka yeye na rika lake wamekuwa watu wazima, ikafanywa sherehe ya ubusoka, wazee wakakabidhi nchi. Uchifu serikali iliufuta mwaka 1963, lakini wazo lile limebaki kichwani mwangu, kwamba heshima inamfuata mtu baadaye. Sina ugomvi na Princess wa jirani, ni mtoto mwenye adabu kweli. Ila namhurumia kwa kuwa jina lake limeshasema kila kitu kabla hajapata nafasi ya kusema lolote.

Na wale wa herufi moja, wajukuu watano wa mama wa Kyimbila, hao nawaacha na familia yao. Watoto wenyewe wanafurahi, bibi anachoka, basi.

Kuna jambo nisipolisema nitakuwa nimewadanganya. Zamani nako kulikuwa na majina yaliyoumiza. Nimesoma kadi za watu wanaoitwa Shida, Tabu, Mateso, Masumbuko, Sikujua. Mama alikuwa na huzuni yake siku ile, akaiweka kwenye jina, na mtu akaibeba miaka sabini. Hizo nazo zilikuwa sentensi za kweli, zimetoka moyoni, na bado naona hazikumtendea haki mtoto. Kijana wa leo anayemwita mwanawe jina la nyota wa muziki angalau hampi huzuni. Kwa hilo nampongeza.

Tena wapo vijana wanaorudi. Miaka hii miwili mitatu nimeanza kusoma Ipyana na Lusajo na Gwamaka kwa watoto wachanga, wakati nilidhani majina hayo yamebaki kwa watu wa umri wangu. Wengine wanatoka kwa wazazi wanaoishi Dar es Salaam au Dodoma, ambao Kinyakyusa chenyewe wanakisikia wakija likizo tu. Yule mwanamuziki wa Bongo Fleva anayejulikana kwa herufi mbili, AY, ametembea Afrika nzima kwa herufi hizo, lakini ukizifungua unakuta Ambwene Yesaya, sentensi ya Kinyakyusa na nabii wa Agano la Kale. Vijana wamelisikia hilo. Wameona kwamba jina la nyumbani halimzuii mtu kupanda jukwaa.

Sasa niwaombe wazazi mnaosubiri mtoto, na naomba kwa dhati. Kabla hujalipeleka jina kliniki, lipeleke kwa bibi. Bibi awe kwenye mlango wa jikoni, mtoto mdogo mwingine mtume mpaka mwisho wa migomba, kisha mwambie bibi amwite yule mtoto kwa jina hilo jipya, kwa sauti, mvua ikinyesha. Hilo ndilo jaribio. Likitoka vizuri, hata kama ni la Kizungu, la Kikorea au la mchezaji wa Brazil, mpe mtoto. Likikwama, litazameni upya pamoja, huenda ni herufi mbili tu za kutoa. Kisha liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, karatasi hiyo ukaishike mkononi siku ya cheti, na ukipewa cheti usiondoke dirishani mpaka umekisoma herufi kwa herufi. Likiwa na kosa lirekebishwe palepale, mtoto akiwa bado mgongoni.

Na kama unalo lile neno ulilolisema siku mtoto alipolia kwa mara ya kwanza, mpe na hilo. Majina mawili kwetu si mageni. Mimi mwenyewe nilipewa mawili, moja la kanisani na moja la bibi. La kanisani liko kwenye kitambulisho. La bibi ndilo lililonifanya nigeuke barabarani mjini Mbeya miaka mitatu iliyopita, mtu aliponiita kwa nyuma, nikajua kabla sijageuka kwamba huyu ametoka kijijini kwetu.

Mama wa Katumba, najua unasikiliza, kwa kuwa jana ulinitumia ujumbe mwingine na haukuwa na hasira ndani yake. Ulisema jina ulilipenda kwa sababu lilikuwa la muuguzi wa kwenye tamthilia aliyeokoa mtoto, na wewe ulikaa leba siku mbili. Kumbe na wewe ulikuwa na sentensi yako. Naomba umwambie mama mkwe wako kisa hicho leo jioni, mkiwa jikoni, kisha umsikilize yeye atamwitaje huyo mtoto. Uniandikie kama atakavyotamka. Kesho saa kumi na mbili na nusu, mwanao nitamsoma wa kwanza.

Saa kumi na mbili na nusu.